Bia Iliyokataa Kung'aa

12 Februari

Mwanangu Injinia,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi wazima. Dada yako mzima, anafoka kama kawaida, na bati la ghala limerekebishwa, halivuji tena isipokuwa mvua ikinyesha.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Bia imekataa kung'aa.

Nimepika bia tangu kabla hujaota meno na sijawahi kukuandikia maneno hayo. Naipoza, naiacha itulie, naipitisha kwenye chujio, namimina glasi moja na kuisimamisha mbele ya gazeti pale dirishani, kama nilivyokufundisha. Ukurasa wa matangazo ya vifo, yale maandishi madogo. Zamani nilikuwa nasoma jina la marehemu, jina la mjane na saa ya mazishi, yote nikiangalia ndani ya bia. Sasa naona ukungu. Marehemu simjui, mjane simjui, mazishi wataniwia radhi.

Nimebadilisha vitambaa vya chujio. Nimebadilisha hamira. Nimesugua tangi kwa mkono wangu mwenyewe mpaka mgongo ukanitukana. Ukungu uleule. Wiki iliyopita nilifungua bomba la chini nikaimwaga yote, ikaenda na mtaro. Dada yako alisimama mlangoni akisema, Baba, hiyo bia ni safi, ni safi kabisa. Dada yako amerithi moyo wa mama yenu, angeweza kumwambia maiti kwamba amenenepa. Sikumsikiliza. Jina langu liko kwenye chupa, na mimi siuzi maji ya kuoshea vyombo.

Wewe uko huko kwenye kiwanda kikubwa na kazi yako ni kuchuja kutwa kucha. Niambie nakosea wapi. Usinifiche kwa heshima. Nimejaribu kila ninalolijua, sasa nakaa naangalia glasi kama mtu aliyesahau jina la mwanawe, na nakwambia kweli, naogopa.

Herufi zangu ni kubwa kwa sababu kalamu ni mbovu.

Baba yako,
Mpishi wa Bia


20 Februari

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hata chakula cha mchana kikanipita. Sidhani kama umekosea, lakini tuanze na mambo madogo. Ipoze zaidi, na uiache siku za ziada kabla ya kuigusa. Angalia mpira wa pampu kama unavuta hewa, maana hewa ikiingia baada ya kuchuja, bia huchafuka hata kama ilikuwa nzuri. Na shayiri ya mwaka huu, umeinunua kwa nani?

Hapa hatutumii gazeti. Kuna mashine inayopiga mwanga kwenye bia na kutoa namba. Ila mimi bado naitazama kwa macho kabla ya mashine, na wenzangu wananicheka kwamba naaga marehemu. Mazoea yako hayo, hayanitoki.

Mwambie Dada anitumie chupa moja kutoka kwenye tangi lililopo sasa. Aifunge ndani ya sweta langu la zamani, dereva wa lori la chupa ataipokea pale stendi.

Mwanao,
Injinia asiye na cheti


2 Machi

Mdogo wangu,

Chupa uliyoomba hiyo. Kabla hujaendelea kusoma, mimina kwenye glasi uishike mbele ya taa. Nasubiri.

Umeona? Ingekuwa maji ungeoshea uso.

Na ile aliyoimwaga ilikuwa hivyohivyo. Nilisimama mlangoni nikiangalia mtaro unatoa povu, na wafanyakazi wameshika vichwa. Bia haina kosa, mdogo wangu. Ni macho ya Baba.

Sikugundua mara moja. Kwanza aliacha kusoma gazeti mwenyewe, akasema anapenda nimsomee mimi wakati wa chai kwa sababu nina sauti nzuri. Mimi, ambaye tangu utoto ananiambia sauti yangu ni ya bawaba ya geti. Nikafurahi kama mjinga. Kisha akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Akitembea ukumbini anagusa ukuta kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayekagua vumbi. Juzi aliniuliza kwa nini taa zote zimefungwa pete. Lakini glasi akiiweka mbele ya gazeti na asione kitu, anachoshuku ni bia. Macho yake hayajamwingia akilini hata kidogo.

Sasa wewe sema, nimwambie vipi? Unamjua. Unakumbuka yule mpishi wa mtaa wa juu aliyepoteza pua baada ya homa, Baba alisema mpishi asiyenusa akae nyumbani akune magoti. Na mwenyewe alishatuapia mezani, Mama akiwa hai, kwamba siku asipoweza kusoma gazeti ndani ya glasi tumfungie mlango wa kiwanda na tusimpe ufunguo. Mama alicheka. Mimi sikucheka hata siku ile. Tangu Mama atutoke, Baba hana kitu kingine. Ukimtoa pale kwenye matangi unamtoa roho.

Nimewaomba wafanyakazi wanyamaze. Wote wamekubali isipokuwa Mama Chupa, yule mama tuliyemwajiri kuosha chupa ulipoondoka. Ana ulimi usiojua kubembeleza. Amesema, "Asiponiuliza sitasema. Akiniuliza nitasema." Nikamwachia hapo, maana Baba hawezi kumuuliza mwosha chupa habari za bia.

Ninachokuomba ni hiki. Mwandikie kwamba siku hizi watu wanataka bia ya ukungu. Wewe uko huko mjini kwa wakubwa, atakuamini. Mwambie asichuje tena. Ataacha kumwaga, ataacha kujilaumu, na atabaki na kazi yake. Macho yenyewe hayana haraka. Ni mtoto wa jicho tu, kama yule fundi cherehani jirani yetu. Yeye aliambiwa asubiri mpaka mtoto huyo aive ndipo atolewe, na sasa anatunga sindano mwenyewe. Nitampeleka Baba taratibu, kazi ikipungua.

Nakuomba, mdogo wangu. Sijakuomba kitu tangu uondoke.

Dada yako


10 Machi

Dada,

Chupa nimeiona. Niliiweka mbele ya gazeti dirishani kwangu, nikasoma hadi jina la mchapishaji. Kisha nikaketi kitandani nikalia, na nikainywa, maana kuimwaga ningeona namkosea mara ya pili. Ni bia nzuri kuliko yoyote tunayotoa hapa.

Sipendi unachoniomba. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hata watoto wanajua. Lakini barua yake iko mbele yangu, yale maherufi makubwa, pale anaposema anaogopa. Sijawahi kumsikia Baba akisema anaogopa. Mkono wangu haukuweza kumwandikia kwamba aliyeharibika ni yeye.

Tena, nusu ya uongo huo ni kweli. Hapa kiwandani wameanzisha bia ya ukungu. Inapita pembeni ya mashine yangu bila hata kunisalimia, inakwenda kwenye chupa na mashapo yake yote, na watu wanapanga foleni. Sisi wa chujioni tumepunguzwa zamu. Kwa hiyo nitaandika, na wala sitatoka jasho.

Lakini niahidi daktari wa macho. Usiseme taratibu. Niahidi.

Mdogo wako


10 Machi

Baba, shikamoo.

Chupa imefika na nimeichunguza. Hujakosea popote. Hamira nzima, chujio zima, mkono wako ni uleule. Ukungu huo unatoka kwenye shayiri ya mwaka huu. Imekuja na ute mwingi, na ukisema uutoe wote utaitoa na ladha. Hata hapa umetusumbua.

Sasa sikiliza, na ukae kwanza. Watu wa siku hizi wanaitaka hivyohivyo. Nakwambia kitu ninachokiona kwa macho yangu. Wanasema bia iliyochujwa sana imevuliwa nguo, ikavuliwa na ngozi. Wanainua glasi ya ukungu, huoni hata kidole upande wa pili, wanaifurahia. Mabosi wangu wametengeneza yao na inaondoka kabla lori halijazimwa. Yako ingekuwa bora mara kumi, kwa sababu wao hawajui kupika, wanajua kutangaza tu.

Usiimwage tena. Zima mashine ya kuchuja, acha mashapo yabaki, na andika kwenye chupa kwamba haikuchujwa kwa makusudi. Gazeti liweke kando. Bia ya namna hii haipimwi kwa gazeti, inapimwa kwa ulimi, na ulimi wako haujawahi kutuangusha.

Mwanao,
Injinia


5 Juni

Mwanangu Injinia,

Nilikukasirikia wiki nzima. Dada yako aliponisomea barua yako nilitoka nikaenda kusimama uani. Nikasema, huyu nimemfundisha kuchuja tangu anafika kiunoni kwangu, leo ananiambia niache kuchuja. Ni sawa na kumwambia kinyozi siku hizi watu wanapenda nywele.

Kisha nikapika.

Sikiliza. Nilikuwa sijui kwamba miaka yote hiyo nilikuwa namwaga kitu. Ina mwili hii bia. Unaipeleka mdomoni, unasikia mkate, unasikia ganda la chungwa, halafu inakaa, haina haraka ya kushuka. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, amekunywa chupa mbili akaomba akae kidogo. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshavaa miwani na anaimba. Watu wanatoka mitaa ya mbali kuniulizia. Dada yako anasema ananisikia nikipiga mluzi kwenye matangi. Sikumbuki kupiga mluzi, lakini sitabishana naye, nina raha.

Mashine ya kuchuja nimeifunika shuka. Imekaa pembeni kama mgonjwa aliyeambiwa asubiri.

Sasa nikuambie jambo ambalo dada yako halijui, ndiyo maana naandika mwenyewe, na mistari ikipandana unisamehe. Nilidhani ni macho yangu. Ndiyo. Kabla ya barua yako nilianza kujiuliza, mbona na uso wa dada yako una ukungu, naye hajatengenezwa kwa shayiri. Nikajisemea, mzee, acha ujinga, nenda ukaangaliwe. Nilipiga pasi suruali ya kijivu mwenyewe nikaitandika kwenye kiti. Niende kwa daktari wa macho kimyakimya, na akiniambia nimekwisha, nifunge mlango kama nilivyoapa. Nilikuwa tayari kabisa. Barua yako ikafika siku chache kabla, ikasema ni shayiri, na kwenu pia imewasumbua. Nikairudisha suruali kabatini.

Umeniokoa aibu, mwanangu. Fikiria ningemwambia daktari sioni, kumbe ni bia tu. Taa bado zina pete na kichwa kinanigonga upande mmoja hasa jioni, lakini huo ni uzee, na uzee hauna dawa.

Njoo likizo, uionje.

Baba yako,
Mpishi wa Bia ya Ukungu


14 Juni

Dada,

Baba alikuwa anakwenda kwa daktari. Alikuwa anakwenda mwenyewe, suruali imeshapigwa pasi. Mimi na wewe ndio tuliomrudisha.

Barua hii nimempa dereva wa lori, itawahi kuliko posta. Nimemuuliza mganga wa zahanati ya kiwanda kuhusu pete kwenye taa na kichwa kinachouma upande mmoja. Aliacha kuandika akaniangalia. Amesema hayo hayafanani na mtoto wa jicho. Amesema inaweza kuwa presha ya macho, inaua mshipa ndani kwa ndani, na hiyo haisubiri kuiva. Ameniuliza, ni nani? Nikasema jirani.

Uliniahidi, ulipojibu barua yangu. Sikulaumu, mimi ndiye niliyeandika habari ya shayiri. Mpeleke leo. Akikuuliza kwa nini, mwambie kweli.


30 Juni

Mdogo wangu,

Nilipoipata barua yako nilikuwa nimeshika mifuniko ya chupa, ikatawanyika sakafuni yote. Kesho yake tulikwenda. Nilimwambia tunakwenda kupata miwani ya kusomea. Hata hapo sikuweza kusema kweli, mdomo wangu ulishazoea njia ile. Akavaa suruali ya kijivu.

Daktari ni binti mdogo, mpole, ana mikono baridi. Aliomba radhi kwa baridi hiyo kila alipomgusa Baba kope, na Baba akamtania kwamba angefaa kupoza tangi. Walikuwa wanacheka. Akamwangalia jicho la kushoto kwa kile chombo chao, akakaa nalo muda mrefu, akaenda la kulia, akarudi la kushoto. Akawa hacheki tena.

Akamuuliza, "Mzee, hali hii imeanza lini?"

Baba akajibu, "Haijaanza. Naona vizuri tu, ni bia iliyokataa kung'aa."

Binti wa watu hakuelewa. Akanigeukia mimi, akasema, "Dada, nisaidie, anamaanisha nini?" Na mimi ilinibidi nieleze, kwa sababu alikuwa anangoja na kalamu mkononi. Nikaeleza gazeti. Nikaeleza bia iliyomwagwa. Nikaeleza kwamba bia ilikuwa safi na sote tulijua, na kwamba tulimwambia ni shayiri ili asiumie. Nilikuwa namweleza daktari, na Baba ameketi katikati yetu, anasikia kila neno. Ndivyo alivyojua. Hakupata hata heshima ya kuambiwa yeye.

Jicho la kushoto limekufa. La kulia limebaki na mwanga mdogo katikati, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Amepewa dawa ya matone, huenda ikaushikilia, huenda isiushikilie. Kilichokwenda hakirudi. Nilimuuliza daktari, kama tungekuja zile pete zilipoanza? Akasema, "Mngekuja wakati ule..." halafu akainama akaanza kuandika, na sentensi hakuimalizia.

Njiani aliweka mkono begani kwangu ili nimwongoze. Tulipofika kwenye mtaro wetu akasimama.

"Ile bia niliyoimwaga."

"Ilikuwa safi, Baba. Nilikwambia."

"Uliniambia bia ni safi," akasema. "Hukuniambia kwamba mbovu ni mimi."

Akauliza kama wafanyakazi walijua. Nikasema wote. Akauliza, na Mama Chupa? Nikasema naye, ila alikataa kudanganya, alisema ukimuuliza atasema. Baba akatikisa kichwa. Tulipofika getini akautoa mkono wake begani kwangu akautafuta ukuta.

Sijui nifanye nini. Nampikia, anakula. Namsalimia, anaitikia. Hajanifokea hata mara moja, na wewe unajua nyumba hii ilivyo bila kufoka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nimekaa palepale nayazoa.

Dada yako


8 Julai

Baba, shikamoo.

Sijui barua hii utasomewa na nani, na nina haya na yeyote atakayeisoma. Nisamehe. Dada aliomba, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Shayiri haikuwa na kitu. Ndani ya bia yako nilisoma gazeti zima, na nikaketi nikakuandikia kinyume chake.

Nilikuona ukiogopa, Baba, na nikataka uache kuogopa. Hilo tu. Sina utetezi mwingine.

Naomba ruhusa nirudi nyumbani. Hapa chujioni hawanihitaji sana. Nitakuwa macho yako.

Mwanao


25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni dada yako, mimi nasema. Akimaliza, Mama Chupa atakuja anisomee kilichoandikwa, na kama ni nilichosema tutakifunga. Barua zako nazo zinasomwa mara mbili sasa. Kwanza dada yako, kisha anatoka nje, kisha Mama Chupa. Anasoma polepole na hajui kuweka kituo mahali pake, lakini wanasoma mamoja. Mpaka sasa wanasoma mamoja. Dada yako analia hapa anapoandika, namsikia, lakini nimemwambia aandike na hilo.

Sikukasirika. Natafuta hasira, siipati, ningeipata ningefurahi. Mlinihurumia. Huruma si kitu kibaya, ila mngeniuliza kwanza kama naitaka. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwenda. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nakwenda hivyohivyo na woga wangu. Mtu mzima ndivyo anavyokwenda kwa daktari. Mkaniondolea woga, na miguu ikasimama.

Zile siku za kupiga mluzi sijui niziweke wapi. Nilifurahi kweli. Sijawahi kufurahi kazini kama miezi ile, na kila niliyekuwa nacheka naye alikuwa ananiangalia kama mtoto aliyevaa viatu vya babake.

Bia ya ukungu ni nzuri, sitaitukana. Lakini nimeiacha. Nimewaambia waifunue mashine, waoshe vitambaa. Nitapika bia angavu. Fundi viatu ananiuliza, mzee, asiyeona ana haja gani na bia angavu? Nikamwambia, hiyo nyingine niliipika kwa kuwa nilidanganywa. Angavu niliichagua mwenyewe nikiwa na akili zangu.

Unasema utakuwa macho yangu. Hapo ndipo penye kazi, mwanangu. Kutoona nitazoea, watu wamezoea makubwa kuliko hayo. Lakini asiyeona lazima amwamini mtu, na mimi duniani nina wewe na dada yako.

Njoo ukipata likizo. Usiache kazi.

Baba yako


18 Septemba

Mdogo wangu,

Ule mwanga wa jicho la kulia umezimika. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai, akauliza kwa nini tumefunga dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa mezani mpaka kwenye sukari. Mama Chupa ndiye aliyemwambia, "Liko wazi, mzee." Akasema, "Haya," akaendelea kunywa chai yake.

Hakurudi kitandani siku ile. Alikwenda kwenye matangi kama kawaida. Tangi la kwanza la bia angavu lilikuwa limeiva, na alilipika lote kwa masikio na mikono. Alijua shayiri imekwiva kwa kuitafuna. Alishika bomba kwa kiganja akatuambia lini limepoa vya kutosha, na pampu ilipovuta hewa alisikia kabla yetu sote. Nilijiona nimesimama pale kama mgeni. Mtu huyu nilifikiri asipoona atakufa. Sikujua hata ni nini nilichokuwa nakilinda.

Tulipomaliza kuchuja akasema nimimine glasi. Nikamimina. Nikachukua gazeti, nikalisimamisha dirishani, nikaweka glasi mbele yake kama alivyotufundisha, na nikamsomea kwa sauti, ukurasa wa vifo, yale maandishi madogo. Fundi saa mstaafu, ameacha mjane na watoto wanne, mazishi Alhamisi alasiri. Sikuruka neno. Nilisoma mpaka anwani.

"Inang'aa, Baba," nikasema. "Inang'aa kuliko zote ulizowahi kupika."

"Asante, mwanangu," akasema, kwa upole kabisa, akanyoosha mkono nikampa glasi. Akaishika kifuani, hakuinua. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye karo la chupa.

"Mama Chupa."

Akaja anafuta mikono kwenye aproni. Baba akainua glasi juu, upande ambao alikumbuka dirisha liko.

"Ikoje?"

Mama Chupa aliniangalia mimi kwanza. Nikatazama sakafu. Akaichukua ile glasi, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, hakufanya haraka, akamrudishia mkononi.

"Safi," akasema.

Ndipo akanywa.

Dada yako